Hita haikufa, ilizibwa tu

Mtu wa kwanza kuniambia niwashe hita ya gari alikuwa dereva wa lori, tena saa nane mchana, kwenye kona za Kitonga, jua linawaka mpaka lami inang'aa kama imemwagiwa mafuta. Nilidhani ananitania.

Gari nilikuwa nimelinunua Dar siku tatu kabla. Stesheni wagoni ya Kijapani ya mwaka 1998, gia za mkono, rangi ya fedha iliyopauka kwenye boneti. Nilikuwa nalipandisha Njombe kwenye kazi mpya, nyuma nimejaza godoro, masufuria na ndoo. Hadi Mikumi halikuwa na neno. Ruaha Mbuyuni nikasimama kununua vitunguu, maana nani anapita pale bila vitunguu. Tulipoanza kupanda nyuma ya malori ya Tunduma, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena, mshale wa joto nao ukaanza kupanda mlima wake.

Nikapata upenyo, nikasogea pembeni. Mbele yangu kulikuwa na lori limesimama. Dereva wake, mwanamume wa makamo mwenye taulo shingoni, akaja kuchungulia. "Dada, usizime gari. Washa hita mpaka mwisho, feni namba nne, shusha vioo vyote." Akaniona nimeduwaa. "Hita ni rejeta ya pili. Inachukua moto wa injini inakupulizia wewe. Utaungua kidogo, ila injini itapona."

Nikawasha. Feni ikanguruma, ikatoa upepo uleule wa nje, kama feni ya sebuleni. Yule dereva akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akasubiri, akatikisa kichwa. "Hita yako haipo," akasema, akarudi kwenye lori lake.

Hakusema imeharibika. Alisema haipo. Ningelishika neno lile siku ile, ningeokoa miezi miwili ya kufuta kioo kwa kanga. Lakini mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu kile kitufe chenye rangi nyekundu ni pambo la dashibodi, kama kiwashio cha sigara kwa mtu asiyevuta. Nilingoja injini ipoe, nikaongeza maji ya chupa za kunywa, nikajikongoja hadi Ilula, hita nikaisahau.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anayekuja Februari hawezi kujua anachoambiwa. Subiri Juni. Kuanzia Juni mpaka Agosti unaamka unakuta maji ya ndoo yanakata vidole, na watu wakija kutoka Kitulo na Makete wanakuhadithia nyasi zilizolala na sakitu. Wenyeji wanakuangalia ulivyojifunga masweta matatu, wanakusalimia "kamwene" na kucheka chini chini.

Kazi yangu ni ya pembejeo. Nauza mbegu, mbolea na dawa za viazi, na siku nyingi naondoka mjini kabla jua halijachomoza ili niwakute wakulima hawajaingia shambani. Asubuhi moja ya Julai nilikuwa naelekea Uwemba, nimewapa lifti kina mama wanne waliokuwa wakingoja gari barabarani. Tukafunga vioo kwa sababu ya baridi. Pumzi tano ndani ya boksi la bati. Hatukufika kilomita tatu, kioo chote cha mbele kikawa cheupe kwa ndani. Nikawasha feni, ikapuliza ubaridi, kikazidi. Aliyekaa mbele akavua mtandio akafuta, mimi nikafuta kwa kanga, tukabaki na dirisha la ukubwa wa sahani. Ndani ya sahani ile nikaona taa nyekundu ya lori la magogo lililosimama, na nilikuwa nimelikaribia kuliko ninavyotaka kusimulia.

Tulisimama pembeni hadi jua lilipotoka. Mama mmoja akanifundisha kukata kiazi kibichi na kukisugua kwenye kioo. Kinasaidia kidogo, na huku viazi havijawahi kuwa shida, lakini siwezi kuendesha maisha yangu kwa kusugua kiazi.

Kinachotokea ni jambo dogo. Pumzi ina unyevu, kioo ni cha baridi, unyevu ukigusa baridi unageuka matone. Hewa ya moto inafanya kazi mbili kwa mpigo: inapasha kioo, na inabeba unyevu mwingi kuliko hewa baridi. Hata eya kondisheni husaidia, kwa kuwa inakausha hewa, ila gesi ya yangu ilikwisha zamani. Ndiyo maana gari linalotoka Japani, nchi ambayo Hokkaido yake inafunikwa na theluji miezi kadhaa, huja na hita iliyokamilika. Linaposhuka bandarini Dar, hita inaanza kuhesabiwa kama kitu cha ziada. Na kitu cha ziada ndicho cha kwanza kukatwa.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alikuwa kijana mwenye gereji safi na maneno mengi. Akafungua boneti, akaniambia niwashe gari, akashika mpira mmoja mweusi nyuma ya injini. "Moto huu hapa, dada, maji yanafika. Kama maji yanafika na ndani hakuna joto, basi rejeta ya hita imekufa. Iko nyuma ya dashibodi. Hapa ni kushusha dashibodi." Siku tatu, shilingi 350,000, na rejeta ya hita nitafute mwenyewe, labda Dar, labda Tunduma.

Nilikuwa tayari kulipa. Kilichonizuia ni teksi ya jirani yangu. Yake ilishushwa dashibodi mwaka uliotangulia kwa ajili ya waya fulani, na tangu siku ile ukipanda unasikia plastiki zinaongea kama wapambe harusini. Plastiki ya miaka zaidi ya ishirini haipendi kufunguliwa. Vile vidole vidogo vinavyoshikilia vinakatika, na fundi hakuambii. Anarudishia kwa skrubu mbili mahali palipokuwa na sita. Kuna mikoba ya hewa ya usalama mle ndani, kuna mkungu wa waya, kuna mabomba ya gesi ya eya kondisheni. Kushusha dashibodi ili kuangalia kama hita ni mbovu ni kama kubomoa ukuta wa jiko ili kuona kama maji yamechemka.

Jirani huyohuyo ndiye aliyenipeleka kwa mzee. Gereji yake ni kivuli cha mikaratusi, mapipa mawili na lori bovu lisilo na matairi ambalo ndilo stoo. Amefanya malori ya mbao maisha yake yote. Nikaanza kumweleza habari ya rejeta ya hita na bei niliyopewa, akanyoosha mkono kunizuia.

"Mama, washa gari. Halafu nenda pale kanywe chai. Likichemka nitakuita."

Niliporudi alikuwa ameinama kwenye boneti, kidole chake cha shahada kiko juu ya mpira uleule mweusi. "Njoo ushike." Nikashika, wa moto. "Sasa usiuache. Fuata."

Nikateleza na mkono juu ya mpira, polepole. Unatoka kwenye kichwa cha injini, unakwenda nyuma, unakunja kona ya herufi U, unarudi, unaingia kwenye bomba la pampu ya maji. Injini hadi injini. Haukugusa popote pengine.

"Umeona hita hapo?"

Sikuona. Mzee akamulika na tochi ya simu kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Pale chini, gizani, nyuma ya uchafu wa miaka, vilitokeza vibomba viwili vifupi kama pua. Kila pua ilikuwa imevishwa kipande cha mpira chenye urefu wa kidole gumba, na ndani ya kila kipande mtu alichomeka boliti, akakaza kwa waya wa kufungia.

"Hizi ndizo njia za hita. Moja ya kuingia, moja ya kutoka. Zimezibwa. Hita yako haipo kwenye mzunguko kabisa."

Haipo. Nikamkumbuka yule wa Kitonga.

Fundi wa kwanza hakudanganya: mpira ulikuwa wa moto. Kosa lake ni kwamba aliushika mahali pamoja. Kipimo cha kushika mipira ni cha kweli na kinasaidia kweli, ila lazima ushike ile miwili inayoingia ukutani, pale inapoingia, injini ikiwa imeshachemka na hita imewashwa hadi mwisho. Ikiwa yote miwili ni ya moto, maji yanapita na tatizo liko ndani, kwenye feni au kile kilango kinachochanganya hewa ya moto na baridi. Mmoja wa moto na mwenzake baridi, rejeta ya hita imeziba, au koki yake imefungwa kwa magari yenye koki. Yote baridi, maji hayafiki: yamepungua, kuna hewa, au kuna mtu alipita hapo kabla yako na boliti mbili.

Sasa likabaki swali ambalo lilinikosesha raha kuliko yote. Kwa nini waliiziba? Mtu anaweza kuiziba hita kwa sababu rejeta yake inavuja, na ikiwa inavuja, basi yule kijana alikuwa sahihi bila kujua na dashibodi itashuka tu.

Mzee hakuonekana kuwa na haraka. Alifungua mlango wa abiria, akaingiza mkono chini ya zulia, akaupapasa hadi juu, akanusa vidole. "Kukavu. Na hakunuki." Kulanti, yaani yale maji ya dawa ya kupozea injini, ikivuja ndani inaacha harufu tamu tamu isiyotoka, zulia linakuwa na ulojo, na kioo kinapata utando wa mafuta ambao ukiufuta unasambaa. Yangu haikuwa na lolote kati ya hayo. Lakini kavu ya leo ingeweza kuwa kavu ya kuzibwa miaka mitano, kwa hiyo akapima.

Kipimo hiki nataka nikieleze vizuri. Alitoa vile vizibo viwili. Pua ya kwanza akaivisha kipande cha mpira mpya chenye boliti, akaikaza kwa klipu. Pua ya pili akaivisha mpira mrefu, na kwenye ncha ya mpira ule akachomeka nozeli iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, nayo akaikaza. Akaleta pampu ya mguu yenye saa ya presha. Kijana wake alikuwa ameshaanza kuvuta mpira wa kompresa ya matairi, mzee akamkaripia kwa Kibena, sikuelewa maneno ila nilielewa. Rejeta ya hita ina vijibomba vyembamba na mapezi ya bati kama karatasi. Upepo wa kompresa unaipasua mara moja, halafu dashibodi inashuka kwa lazima. Mzee alipampu kwa mguu, taratibu, macho kwenye saa. Ilipofika psi 15 akaacha.

"Presha ya mfuniko wa rejeta haifiki mbali na hapo. Ikivumilia hii, inavumilia barabara."

Tukakaa. Mimi nikaingia ndani nikaweka sikio kwenye dashibodi, chini, karibu na miguu, nikisikiliza kama kuna sauti ya tss. Nilisikia jogoo, nikasikia pikipiki mbali, nikasikia moyo wangu. Mzee akamaliza sigara nzima. Mshale wa saa ulikuwa palepale kwenye 15.

"Nzima," akasema. "Walikata mpira tu."

Yaani mpira wa hita ulipasuka, labda safarini, na wa kwake wenye kona za kutengenezwa kiwandani haukupatikana, kwa hiyo fundi aliyekuwa karibu akafunga njia ya mkato. Simlaumu sana. Kama mwenye gari alikuwa anakaa Mbagala au Tegeta, kulekule kwenye joto la Dar, alimsaidia akafika nyumbani, na hakuna aliyewahi kuukosa ule moto.

Rejeta nzima kwa uvujaji haina maana ni safi. Alipoivuta ile boliti ya kwanza, kilichodondoka kilikuwa tope jekundu, si maji. Hayo ni matunda ya maji ya bomba. Watu wengi tunajaza rejeta maji matupu mwaka baada ya mwaka, tunaona kulanti ni anasa ya kupata rangi ya kijani. Kutu ya chuma cha injini na chokaa ya maji vinazunguka pamoja, na mahali pembamba kuliko pote katika mzunguko ule, vitu vinapopenda kutua, ni hita.

Kuosha kulichukua nusu siku na ndiko nilikokufurahia. Ndoo ya maji ikawekwa juu ya paa la gari. Ndiyo, juu ya paa, juu ya tambara ili isikwaruze. Mpira ukatoka kwenye ndoo hadi kwenye pua, maji yakashuka kwa uzito wake mwenyewe, bila presha yoyote ya kutisha. Ila mzee alianzia upande wa kutokea. Uchafu ulioingia kwa mlango wa mbele umejazana nyuma ya mlango huo. Ukiusukuma kuelekea mbele unaukaza, ukiusukuma kinyume unautoa ulikoingilia. Ndoo ya kwanza ilitiririka kwa shida, matone na mikoroto, rangi ya tofali. Ya pili ikawa kama chai ya rangi iliyolala. Kuanzia ya nne tukawa tunabadilisha, mara huku, mara kule, na kila tukigeuza linatoka fungu jipya la vigaga.

Maji yalipoanza kung'aa, akanituma dukani nikalete siki nyeupe, chupa nne. Tukaipasha moto kwenye sufuria, siki nusu na maji nusu, tukaijaza kwenye hita kwa faneli, halafu akainua mipira yote miwili na kuifunga juu kwenye chuma cha boneti kama masikio ya sungura. Namna hiyo siki inabaki ndani inakula chokaa, haimwagiki. Povu dogo likaonekana kwenye midomo ya mipira. Alinipa muda wa chini ya saa moja, akasema asilani isilale humo usiku kucha, kwa sababu ikishamaliza chokaa itaanza kula bati. Kisha ndoo tena. Jumla zilifika 11. Ya mwisho niliikinga kwenye glasi, nikaiangalia kwenye jua. Ukimwonyesha mtu asiyejua angeweza kuinywa.

Mipira mipya ilikuwa ya milimita 16, ya hita hasa. Mwenye duka alitaka kunipa ile ya bustani, "unene ni uleule mama", na ni kweli unene ni uleule, ila ile inalegea kama muwa uliochemshwa ikipata maji ya moto. Kwa kuwa hatukupata yenye kona, mzee aliizungusha kwa mpindo mkubwa ili isijikunje ikajiziba, akaifunga mbali na bomba la moshi.

Tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji masafi, gari limepandishwa pua kwenye mteremko, mfuniko uko wazi, hita iko mwisho. Hewa inapenda kukaa juu, kwa hiyo unaipa sehemu ya juu ya kutokea. Mzee alikuwa akiminya mipira kwa mkono, na kila akiminya povu linatoka kwenye rejeta, blup, blup. Kazi hii inaanzwa injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata ukiwa na haraka ya kwenda kuzika.

Nikaendesha hadi nyumbani mkono wangu mmoja kwenye tundu la hewa. Vuguvugu. Uvuguvugu wa mkono wa mtoto mwenye homa ndogo, basi.

Kesho yake nilirudi nimenuna. Mzee akaniuliza swali moja: "Mshale wa joto unafika wapi ukitembea?" Nikasema haufiki katikati, unaganda chini, nami nilikuwa nikijisifu kwamba injini yangu haichemki. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akafungua kile kikombe cha chuma mpira wa juu unapokutana na injini, boliti mbili, akanionyesha. Kitupu.

Thamostati ilikuwa imetolewa. Ule ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto wake. Ukiutoa, maji yanazunguka kwenye rejeta wakati wote, na kwenye baridi ya Njombe injini inakimbia nusu baridi siku nzima. Inakula mafuta, na hita inapata maji ya kuogea mtoto.

Msomaji makini ataniuliza: kama lilikuwa halipati joto, mbona lilichemka Kitonga? Nilimuuliza mzee hivyohivyo. Akaniambia ndiyo sababu ilitolewa. Maji matupu yakaleta kutu, kutu ikaziba rejeta kubwa, gari likaanza kuchemka. Badala ya kuosha rejeta, mtu akatoa thamostati, likapoa kidogo, likauzwa. Siku ya kawaida rejeta iliyoziba nusu inatosha. Kwenye mlima, na mzigo, jua la mchana, nyuma ya lori la gia ya kwanza, haitoshi. Yaani kila fundi aliyeligusa gari lile aliondoa kitu. Mmoja kaondoa mlango, mwingine kaondoa hita, na kila alichoondoa kilificha ugonjwa uleule wa maji ya bomba.

"Nikikurudishia thamostati kwenye rejeta chafu," akasema, "utakwenda kusimama Kitonga kona ileile." Basi rejeta kubwa ikashushwa, boliti nne tu, ikaoshwa.

Thamostati mpya nilipewa niende nayo nyumbani nikaipime, kwa sababu mzee haamini kitu kinachotoka kwenye boksi. Imegongwa namba 82, nyuzi inazoanzia kufunguka. Niliifunga uzi, nikaining'iniza kwenye sufuria ya maziwa, isiguse chini, nikawasha gesi. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Viputo vidogo vikaanza kupanda kutoka chini, mvuke ukatokea, na yenyewe imefumba. Halafu, kabla maji hayajachemka, sahani ya katikati ikajivuta, ukatokea mwanya mwembamba kama jicho la mtu anayeamshwa. Ukakua. Haikufunguka hadi mwisho, nikapatwa na wasiwasi nikampigia simu. Akanikumbusha niko wapi. Kwenye mwinuko huu maji yanachemka karibu nyuzi 93, hayafiki 100 ya pwani, na thamostati kama ile inataka kama 95 ili ifunguke yote. Sufuria yangu isingeweza kufika huko. Ndani ya injini, chini ya mfuniko wenye presha, itafika.

Ikafungwa na gasketi mpya, kale katundu kake ka kutolea hewa kakiwa juu. Safari hii mshale ulipanda hadi chini kidogo ya katikati, ukatulia. Nikavuta swichi kwenye nyekundu na hewa iliyotoka nililazimika kutoa mkono.

Bado kidogo. Moto ulikuwa unatoka miguuni tu, kwenye kioo haufiki. Hilo nililifanya mwenyewe Jumapili. Nilifungua kisanduku cha mbele ya abiria, skrubu nne, kikatoka chote, na nyuma yake unaona kama umefunguliwa pazia: sanduku la hewa, kebo nyembamba ya chuma, na kishikio ambacho kebo ilichomoka. Kuirudisha kulichukua dakika mbili. Kutoa majani ya misonobari yaliyojaa kwenye feni kulichukua saa nzima. Chini kabisa, katikati ya majani yale, nikakuta sarafu ya Kijapani, ya njano, yenye tundu katikati. Mama yangu huwa anahadithia senti kumi za Afrika Mashariki zilizokuwa na tundu, walivyokuwa wakizitunga kwenye uzi. Nimeitunga kwenye funguo za gari.

Jumla ya yote, mipira, klipu, siki, kulanti, thamostati, gasketi, kuosha rejeta na ufundi wa mzee, haikufika nusu ya bei ya kushusha dashibodi. Sisemi kwamba haishuki kamwe. Rejeta ya hita ikivuja kweli, zulia likaloa na kunuka utamu, hakuna siki wala ndoo ya paani itakayokuokoa, na ile tabia ya kumimina dawa za kuziba matundu, au kupasua yai kwenye rejeta, ndiyo inayojaza vijibomba na kukuletea shida mbili mahali palipokuwa na moja. Mzee aliniambia yai ni la kula. Ila kabla ya kukubali plastiki yako iguswe, fuata mpira kwa mkono mpaka uone unapoishia.

Sasa hivi kina mama wa Uwemba wanagombea kiti cha mbele. Mmoja anavua viatu kabisa, anaweka miguu kwenye tundu la chini na kusinzia.

Desemba nilishuka nalo Tanga. Breki za nyuma zilikuwa zinalia, kaka yangu akaniita fundi wake pale nyumbani. Kijana mchangamfu, jasho linamtiririka, kifua wazi. Alipomaliza breki akaomba aangalie na injini, bure tu. Akachungulia, akaona mipira miwili mipya inaingia ukutani.

"Dada, hii ya hita ya nini huku? Inazungusha maji bure, ikipasuka itakuumbua njiani. Niikate niizibe, dakika tano."

Alikuwa ameshashika bisibisi. Nikamwambia asante kwa breki, nikafunga boneti.